Kisanduku Ndani ya Ukuta

Sikumpenda mkuu wangu tangu siku ya kwanza, na sitajifanya hapa kwamba nilijaribu. Alikuwa mhandisi kutoka Manono, mtu mnene, msafi, manukato yake yanafika mlangoni kabla yake, na biro nzima, yaani ofisi yetu, tulimwita Papa Enjenyere. Mimi aliniita "mama kidogo," ingawa nilikuwa nimesoma Lubumbashi mpaka macho yakaanza kuniuma, na kazi iliyoipa biro ile jina hapa Kalemie ilitoka mikononi mwangu. Akiniita hivyo mbele ya wageni nilihisi joto linanipanda shingoni. Nilimjibu "Ndiyo, Papa," kwa sauti ambayo hata mlinzi wa getini alijua si ya heshima.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya ukuta. Miaka hii ziwa limepanda, na mtaa wetu wa chini ulikuwa unaamka maji yako mlangoni. Kuna ukuta wa zamani unaofuata ufuko, na mradi mmoja wa wageni ulitaka kuuongezea kimo. Swali lilikuwa moja tu: ukuta ule utabeba uzito mpya juu yake, au hautabeba? Ukibeba, mafundi wanajenga juu yake na hakuna mtu anayehama. Usipobeba, unabomolewa, unachimbwa msingi mpya, na nyumba zote zilizoegemea ukuta zinaondoka. Nyumba ya kwanza katika mstari ule ilikuwa ya mama yangu.

Mimi nilijua, mama alijua, na Papa Enjenyere alijua. Watu wengine walisema nisiiguse kazi ile kwa sababu ni ya nyumbani kwetu. Sawa, lakini nani mwingine angeifanya? Biro ilikuwa na kompyuta moja yenye nguvu, na mtu mmoja aliyejua kuitumia. Papa Enjenyere alijua kuiwasha.

Acha nieleze kazi yenyewe, maana si ngumu kama anavyopenda kuifanya ionekane. Tulitoboa ukuta tukatoa kipande cha mviringo, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mafundi wanakiita karoti. Karoti ile ilipelekwa nje ya nchi, ikapigwa picha kwa mashine ya mionzi kama zile za hospitali, na picha zikarudi kwenye diski. Picha ya simu imejengwa kwa vidoa. Picha ya ndani ya jiwe imejengwa kwa vijitofali vidogo sana, vilivyopangwa pande zote, na sisi wa kazi hii tunaviita vokseli. Kila kijitofali kinasema kitu kimoja tu: hapa pana saruji, hapa pana mchanga, hapa ni tupu. Ukishakuwa navyo vyote unaweza kuukandamiza ukuta ndani ya kompyuta, ukaona unapasukia wapi, bila kumwangushia mtu tofali kichwani.

Shida ni kwamba kompyuta ina tumbo, na tumbo linajaa. Karoti nzima, kwa vijitofali vidogo vile, haikuingia. Kwa hiyo lazima uchague. Ama unabakiza vijitofali vidogo na kukata kisanduku kidogo ndani ya karoti, uone kila kitu vizuri lakini mahali padogo. Ama unaunganisha vijitofali jirani viwe kimoja kikubwa, picha inapoteza ukali, lakini unaweza kuchukua kisanduku kipana. Yeyote atakayekwambia kuna njia ya tatu ya bure, anakudanganya.

Papa Enjenyere alichagua kisanduku kidogo. Kilikuwa na upana wa punje ya hindi, siongezi chumvi. Alikaa kwenye kiti changu, akasogeza picha huku na huku kama mtu anayechagua kitambaa cha suti, akasimama mahali palipokuwa pa kijivu tupu, laini, hapana hata shimo. "Hapa," akasema. "Ona uzuri wake. Hesabia hapa."

Nilihesabu. Ukuta ukatoka imara kama mwamba.

"Papa," nikamwambia, "ukuta huu una konokono."

Mtu wa hapa hahitaji maelezo, lakini mgeni anayahitaji. Mchanga wa ufuko wetu una magamba ya konokono wa ziwa, mazito, makubwa kama ncha ya kidole gumba. Zamani, kokoto ilipokuwa mbali na mafundi wana haraka, waliyatupia magamba yale ndani ya zege, beseni kwa beseni. Yalijaza nafasi na hayakuwa na bei. Ganda likiingia limejaa tope, hakuna neno. Likiingia tupu, una shimo ndani ya ukuta, na mashimo yakikaribiana, ufa unapita kati yao bila kuuliza njia.

"Ile njo uchafu," akanijibu Papa Enjenyere. "Picha inaenda kwa wageni. Muntu hapeleke uchafu kwa wageni."

Kumbe hilo ndilo lilikuwa wazo lake lote. Sisi hapa mgeni akija tunafagia uwanja, tunatoa kiti kisichovunjika, tunampa paja la kuku. Ni desturi nzuri, mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Lakini yeye aliifagia hata karoti. Aliona konokono ndani ya picha, akaona aibu, akasogeza kisanduku mpaka akapata mahali pa kumkalisha mgeni. Sidhani hata alijua kwamba anadanganya, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi, kwa sababu mwongo unaweza kumshika, lakini mtu anayefagia unamwambia nini?

Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupaka mafuta. Nikamwambia kisanduku kidogo kuliko konokono hakiwezi kusema lolote juu ya ukuta wa konokono. Ukikiweka kwenye saruji tupu, kitasema mwamba. Ukikiweka ndani ya ganda, kitasema hewa. Nikamwambia kipimo cha kisanduku kizuri ni hiki: kihamishe mahali pengine, uhesabu tena, na jibu lisibadilike. Jibu likirukaruka, kisanduku ni kidogo, hata kama picha ni nzuri ya kutundika ukutani.

Alinitolea macho. "Na weye ukiunganisha vijitofali vyako, lile ganda si litayeyuka? Ni jembamba. Utaona uji tu. Halafu utasema ukuta ni muovu kwa sababu macho yako ni maovu."

Hapo alinishika. Sipendi kuandika sentensi hii, lakini alinishika. Ukuta wa ganda ni mwembamba, na kijitofali kikiwa kikubwa kinaweza kuumeza, shimo likaonekana pana kuliko lilivyo, na ukuta ukaonekana dhaifu bila kosa lake. Niliondoka biro siku ile nikiwa nimevimba kwa hasira, nikaenda kwa mama.

Mama alikuwa ameketi uani, mtandio umeteremka mabegani, anachambua ndagala, dagaa wa ziwani. Ndiyo biashara aliyotulelea. Mgongo wake ulikuwa umeegemea ukuta wenyewe, ule ule, kwa sababu upande wa nyuma wa ua wetu hatukuwa na ukuta mwingine. Kamba ya nguo ilifungwa humo. Jiko lilikuwa limeegemea humo.

"Mashine yako imesema nini?" akaniuliza.

"Bado, Mama."

"Ukuta huu tumeubeba sisi," akasema. "Mimi na wanawake wa mtaa huu. Mchanga wote ulipita kichwani kwetu, kutoka pale majini. Nilikuwa na mimba ya kaka yako. Usiniletee maneno ya mashine."

Ningemwambia nini? Kwamba pamoja na mchanga alibeba na mashimo? Nilichukua beseni nikamsaidia kuchambua mpaka adhana ya magharibi.

Kuanzia kesho yake nilifanya kazi kwa chuki, na chuki ina faida yake, haikuachi usinzie. Kwanza nilikata visanduku vidogo kama cha Papa Enjenyere, lakini nikavitawanya ndani ya karoti yote, bila kuchagua. Majibu yalitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Kimoja mwamba, kimoja uji, kimoja katikati. Nikapanua kidogo, yakakaribiana. Nikapanua tena mpaka kisanduku kikawa kama ngumi ya mtu mzima, na hapo jibu likatulia. Popote nilipokiweka, lilikuwa lile lile, na halikuwa zuri.

Kisha nikarudi kwenye neno la Papa Enjenyere, kwamba ganda litayeyuka, kwa sababu nilitaka kumnyang'anya hata hilo. Nikachukua mahali padogo penye ganda moja, nikahesabu kwa vijitofali vidogo kabisa, halafu nikaviunganisha na kuhesabu tena mahali pale pale. Ni kweli, vijitofali vikubwa vilimla konokono kidogo, na jibu likashuka. Lakini lilishuka kidogo tu. Nikaunganisha zaidi, likashuka vibaya, ganda likawa kivuli. Basi nikajua mpaka uko wapi: vijitofali vikubwa kiasi cha kisanduku changu kuingia kwenye kompyuta, lakini si vikubwa kiasi cha kummaliza konokono. Nikalirudishia jibu la kisanduku kipana kile kidogo kilicholiwa. Ukuta ulibaki dhaifu. Nilikaa nikiangalia kioo cha kompyuta, na roho iliniuma kwa namna ambayo sikuitegemea, kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Nilimpelekea Papa Enjenyere. Alisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Kwa hiyo unataka kubomoa nyumba ya mama yako kwa sababu ya konokono."

"Sitaki. Ukuta ndio unataka."

"Mama kidogo, weye huna huruma."

Halafu akafanya jambo ambalo sitamsamehe. Alikwenda kwa mama. Alivaa suti, akaenda na picha yake ya kijivu imechapwa kwa rangi, akaketi kwenye kiti cha baba, akamwonyesha. "Mama, ona ukuta yenu. Muzuri, hauna kasoro. Ni mutoto yako tu anasumbua." Nilipofika jioni ile, picha ilikuwa imebandikwa sebuleni, juu ya redio, na mama alikuwa ananisubiri amesimama.

"Kwa nini unatafuta ubaya?" akaniuliza. "Mwenzako amekuta uzuri. Wewe ulipoukuta uzuri, kwa nini hukukaa hapo?"

"Mama, wewe unauza ndagala. Mtu akija kununua, anaangalia wale wa juu tu?"

"Anatia mkono chini."

"Na wewe unamkasirikia?"

"Simkasirikii, ndiyo soko."

"Basi mimi nimetia mkono chini."

Nilidhani nimemmaliza. Nilikuwa hata nimeanza kukaa. Mama akanitazama kwa jicho ambalo hakuwahi kunitazama nalo hata nilipokuwa mtoto mkorofi.

"Mnunuzi akikuta ndagala wabovu chini," akasema, "anaacha beseni, anaenda kwa mama mwingine. Mimi niende kwa ukuta gani mwingine?"

Nikamwambia kwamba ukuta ukiongezewa uzito utaanguka, na utaangukia upande wake, na yeye amelala. Akasema Mungu anajua. Nikamwambia Mungu amenipa kompyuta. Hilo lilikuwa neno baya, nililijua likiwa bado mdomoni, na mama akaniambia nitoke nyumbani kwake.

Mgeni wa mradi alikuja wiki ile. Alikuwa mzungu mzee, mpole, aliyezungumza Kifaransa polepole ili tumwelewe, kana kwamba sisi ndio tuna shida nacho. Papa Enjenyere alimkaribisha kwa soda baridi, akamwonyesha kijivu chake, akazungumza juu ya ukali wa picha, udogo wa vijitofali, kwamba hakuna biro nyingine mkoani inayoona mbali hivi. Mgeni alitikisa kichwa, ameridhika. Niliona karatasi zinakusanywa. Mwingine angesema nilipata ujasiri. Haukuwa ujasiri, nilikuwa nimechoka kuitwa mama kidogo.

Nikageuza kompyuta ikamwelekea mgeni, nikampa kipanya. "Hiki ndicho kisanduku cha mkuu wangu," nikasema. "Tafadhali, kiweke wewe mwenyewe. Popote."

"Mama kidogo," Papa Enjenyere akasema.

"Popote," nikarudia.

Mgeni akacheka kidogo, akakisogeza, akaachia. Tulisubiri hesabu, soda ikapata joto. Jibu likatoka baya. Akakunja uso, akakisogeza pengine. Likatoka zuri. Pengine tena, hapo kilianguka ndani ya ganda, na kompyuta ikatuambia kwamba ukuta wa Kalemie umejengwa kwa hewa. Akaacha kucheka. Akaniuliza kisanduku kikubwa kiko wapi. Nikampa, akakiweka huku, akakiweka kule, akapata jibu lile lile kila mara, na hakuhitaji kuuliza tena.

Papa Enjenyere alitoa kitambaa akajifuta shingo. Nilimtazama muda wote, nilitaka anione ninavyomtazama, na nilifurahi. Nasema kweli yangu: nilifurahi kabisa kabisa, dakika kadhaa, mpaka mgeni alipofungua ramani ya mtaa na kuuliza ni nyumba zipi zinazougusa ukuta. Ilibidi mimi ndiye niweke kidole.

Walikuja na mashine ya kubomoa kabla ya mvua kuanza. Watu wa mstari ule walikuwa wamepewa fidia kidogo na muda wa kuhama, na wengi walihama wakilalamika, wengine wakinilaani kwa jina la baba yangu. Mama hakulalamika. Alitoa vyombo vyake, godoro, mabeseni, akavipanga barabarani juu ya mkokoteni, akasimama hapo. Picha ya kijivu aliiacha sebuleni.

Mashine ilianza na ukuta. Dereva aliuegemezea mkono wa chuma taratibu tu, kama anajaribu, na ukuta ukaenda. Haukupasuka, ulimomonyoka, kipande kirefu kizima, ukamwagika upande wa ua wetu, juu ya jiko na mahali alipokuwa akichambulia ndagala. Vumbi lilipotulia tuliona ndani yake kumejaa magamba. Dereva mwenyewe alishuka akaangalia.

Nikamwendea mama. Nilitaka neno moja kutoka kwake. Nilikuwa nimepigana na mtu wa biro, nimelala na hasira, nimefukuzwa nyumbani, na sasa mbele ya macho yake ukuta ulikuwa umelala pale pale ambapo yeye angekuwa ameketi.

"Umeona, Mama?"

"Nimeona," akasema. "Uko na haki, ulisema kweli."

"Basi twende kwangu. Kuna kitanda."

"Uko na haki," akarudia, "na nyumba yangu njo ile inabomolewa." Akampa ishara mwenye mkokoteni, naye akausukuma kuelekea bandarini. Kulikuwa na mtumbwi wa injini unaoenda Mpala, kwa dada yake. Nilimfuata nikimwita, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali, nikamwambia anafanya utoto, kwamba nimemwokoa, kwamba hakuna mtoto mwingine mtaa mzima aliyemfanyia mama yake hivyo. Hakugeuka. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia Papa Enjenyere, na sioni sababu ya kuficha hilo.

Ukuta mpya niliuchora mimi. Hauna konokono hata mmoja, mchanga wote ulichekechwa, na nilitoboa karoti zake mwenyewe na kuweka kisanduku kila mahali. Papa Enjenyere amehamia Kabalo, anajenga shule, Mungu awasaidie wanafunzi.

Ziwa lilipopanda tena nilimpigia mama simu Mpala. Aliipokea safari hii. Tulisalimiana, aliniuliza afya, aliniuliza kazi, nikadhani yamekwisha.

"Ukuta umesimama?" akauliza.

"Umesimama, Mama. Maji hayakupita hata tone."

"Vizuri," akasema. "Basi kaa nao." Akakata.